Mimbari Haiingii Kwenye Simu

Ibada ya Jumapili humpa mchungaji wasaidizi wengi. Kabla sijafungua kinywa, kengele imekwisha kulia, kwaya imeimba, liturujia imewatuliza waliokuja na mawazo yao, na joho nililovaa limemweleza hata mgeni mimi ni nani. Nikisema jambo likamgusa mtu, namwona. Mama mmoja upande wa kushoto atasema, "Amina, Baba," na wazee waliokaa mbele watatikisa vichwa. Nisipoeleweka, hilo nalo naliona, nalirudia kwa njia nyingine, pengine kwa Kinyakyusa, mpaka nyuso zikunjuke.

Mbele ya simu wasaidizi hao wote hawapo. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba tafakari ya video ya dakika tatu ni kazi ngumu kuliko mahubiri ya dakika arobaini, na mchungaji anayeidharau kwa ufupi wake bado hajaijaribu.

Natumika katika Kanisa la Moravian, kwenye ushirika wa mashambani chini ya Mlima Rungwe. Washirika wangu ni wakulima wa ndizi, viazi na chai, akina mama wa sokoni Tukuyu, walimu, vijana wa bodaboda. Wengine wengi, ambao majina yao bado yamo kwenye daftari letu, wako Mbeya, wako Tunduma mpakani, wako Dar es Salaam. Wanakuja Krismasi, au wanakuja kwenye msiba. Katikati ya safari hizo mbili mtu anaweza kupita mwaka mzima bila kusikia sauti ya mchungaji aliyembariki siku ya kipaimara.

Wachungaji wengi wa Afrika Mashariki walisukumwa mbele ya kamera na korona mwaka 2020. Kenya ilifunga nyumba za ibada mwezi Machi, na zilipofunguliwa Julai ibada haikuruhusiwa kupita saa moja wala watu 100, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Wenzetu wa huko walijifunza kwa lazima, usiku na mchana, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kuwafikia watu wao. Kwetu Tanzania serikali haikufunga nyumba za ibada. Tuliendelea kukusanyika, na kwa hiyo wengi wetu wa vijijini hatukujifunza kitu. Mimi nilisukumwa baadaye na lile daftari. Niliyapitia majina nikaona kwamba nusu ya watu ninaowaita kondoo wangu nawaombea tu, sisemi nao.

Sisi Wamoravian tuna historia inayotusaidia hapa kuliko tunavyokumbuka. Tarehe 3 Mei 1728, kule Herrnhut, Ujerumani, Nikolaus von Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa wakati ule, aliwapa ndugu wa kijiji kile neno moja fupi la kushika kesho yake. Tangu hapo kukawa na desturi: ndugu mmoja au wawili hupita nyumba kwa nyumba na neno la siku, wakazungumza juu yake na wenye nyumba. Mwaka 1731 maneno hayo yakaanza kuchapwa kitabuni, na hayajakoma mpaka leo. Kila mwaka mistari ya Agano la Kale bado inachaguliwa kwa kura huko huko Herrnhut, kisha kila mmoja hutafutiwa mstari wa Agano Jipya wa kwenda nao. Wamisionari waliokuja Rungwe mwaka 1891, Theodor Meyer na wenzake, walitoka katika ukoo huo wa imani. Kwa hiyo neno fupi la asubuhi lilikuwepo kwetu zamani, kabla ya simu, kabla ya redio, karibu sawa na umri wa kanisa lenyewe katika nchi hii.

Nilipokumbuka kwamba lilianza kwa miguu, kwa kubisha hodi, nilipata pa kushika. Tafakari ya kwenye simu ni ndugu wa ziara ya nyumbani. Haina udugu wa karibu na mimbari. Ukienda kumtembelea mtu hupandishi sauti. Huanzi na utangulizi wa mambo matatu. Unasalimia, unaketi unapoonyeshwa, unauliza habari za mgonjwa, unasoma mistari michache, unaomba, unaaga kabla chai haijapoa au baada ya kuinywa. Nikimwingilia mtu kwenye simu yake saa kumi na moja na nusu alfajiri, anapofunga kilemba kwenda kuchuma chai, nimeingia nyumbani kwake. Adabu ya nyumbani ndiyo inayotakiwa.

Mwalimu wangu katika kazi hii ni kijana wa idara ya vijana anayejipatia riziki kwa kupiga video za harusi na send-off. Ana heshima nyingi, lakini kwenye kazi yake haogopi kusema. Siku ya kwanza aliniacha nihubiri mpaka mwisho, kisha akashusha simu.

"Baba Mchungaji, shikamoo tena," alisema. "Nisalimie mimi. Usiwasalimie watu wote. Mimi niko peke yangu hapa."

Nilimsalimia yeye, kwa Kinyakyusa. "Ugonile, mwanangu." Akasema hiyo ndiyo sauti anayoitaka, nianzie hapo.

Tangu siku ile, kabla ya kurekodi, naandika jina la mtu mmoja kwenye karatasi na kulibandika pembeni ya kamera. Ni mshirika ninayemjua, nyumba yake nimeingia, watoto wake nimebatiza. Nasema naye. Jina lenyewe halitajwi kamwe, na karatasi naichana nikimaliza. Lakini maneno yanabadilika. Huwezi kumwambia mtu unayemjua, ambaye mumewe amelala kitandani tangu mavuno, kwamba "Wakristo wa leo wamepoa". Utatafuta neno la kumsaidia avuke siku hii, na ukilipata utaona kwamba linawafaa watu usiowafikiria.

Ufundi wenyewe nitaueleza kwa sababu wachungaji wenzangu wananiuliza, na wengi wanadhani tatizo ni aina ya simu. Simu ya kawaida inatosha. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, kwa maana simu inayokaa mfukoni hubeba mafuta ya vidole na picha hutoka na ukungu. Keti ukiutazama mwanga wa dirisha. Ukilipa dirisha mgongo, uso wako utakuwa giza. Kamera iwe usawa wa macho yako. Ikiwa chini, msikilizaji anaona pua na dari, nawe unaonekana unamtazama kutoka juu, jambo lisilofaa kwa mtu aliyekuja kutembelea. Ukiwa huna stendi, panga vitabu mezani. Zima mtandao wote, wa simu na wa intaneti, kabla ya kuanza, la sivyo simu itaita katikati ya sala. Tazama kitundu cha kamera, usiitazame sura yako kwenye kioo. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote. Macho yanapenda kujiangalia.

Sauti, hata hivyo, ndiyo kila kitu. Mtu atavumilia picha mbovu. Sauti mbovu haivumiliwi, tena wengi hawaangalii kabisa: simu iko mfukoni au juu ya meza ya jikoni, wao wanamenya ndizi huku wanasikiliza. Na hapa kwetu sauti ina adui mkubwa, mvua juu ya bati. Tukuyu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na mvua ya Aprili ikishika bati, hata ibada ya kanisani inasimama, tunaimba tu mpaka ipungue. Tulijaribu ofisini, tukajaribu sebuleni, mwangwi ukawa mkubwa. Mwisho tulihamia chumba cha kulala, kwa idhini ya mama mchungaji, maana godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa humeza mwangwi. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati, cha bei nafuu, kimefanya kazi kubwa kuliko taa zote tulizoambiwa tununue. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua hicho.

Mvua nayo imetupangia ratiba. Tunarekodi asubuhi mapema kabla mawingu hayajashuka mlimani, tafakari za siku mbili au tatu kwa pamoja, si zaidi. Kijana wangu angependa turekodi za mwezi mzima, kazi iishe. Nakataa. Neno la siku linatakiwa kujua siku yake. Wiki ambayo bei ya viazi imeanguka na watu wamerudi na magunia nyumbani, siwezi kuwatumia maneno niliyoyasema kabla ya hayo, nikiwa nimeshiba.

Kisha kuna bando. Video ya dakika tatu iliyorekodiwa kwa ubora wa juu inaweza kufika mamia ya MB, na mama anayenunua kifurushi cha siku hawezi kukimaliza chote kwa kumsikiliza mchungaji. Tunaipunguza mpaka ishuke chini ya MB 16. Picha inapungua kidogo, uso wangu haupotezi chochote cha maana. Pamoja na video tunatuma sauti peke yake, nyepesi zaidi. Na kwa wazee wenye vitochi, zile simu ndogo za vitufe, mwinjilisti anazipakia sauti za wiki kwenye memori kadi, nao wanazisikiliza kwa zile redio ndogo zinazouzwa sokoni. Kazi hiyo ya memori kadi haionekani na mtu yeyote, wala hakuna anayeihesabu, nami naithamini kuliko ile ya mtandaoni, kwa sababu mwinjilisti akipeleka kadi lazima aingie ndani, aketi, asikie habari. Herrnhut ya 1728 ile ile.

Kwenye moja ya nyumba hizo kuna bibi niliyejifunza kwake kuliko kwa mtu yeyote. Ujana wake aliishi na redio ya mbao ya marehemu mumewe, na alisikiliza Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, kituo cha Shirikisho la Kilutheri Duniani kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1963. Vipindi vya Kiswahili viliandaliwa Moshi, vikasafirishwa Ethiopia, vikaturudia kwa masafa mafupi mpaka huku milimani. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo, sauti ikakatika. Yeye bado anaikumbuka. Alipomaliza kusikiliza kadi yangu ya kwanza alinyamaza, halafu akasema: "Mwanangu mchungaji, wale wa redioni walikuwa wanatusemesha. Wewe unatuhutubia."

Nilimwomba anieleze. Akasema wale walikuwa wakisoma neno, wanaacha kidogo. "Wanakupa nafasi ulimeze."

Hapo ndipo mimi na kijana wangu tulipotofautiana kwa uzito. Yeye amefundishwa na mitandao kwamba pumzi ikipita kimya, mtu anaondoka. Kwenye programu ya kuhariri alikuwa anakata kila kimya, maneno yanabanana, halafu chini anaweka muziki wa kinanda ili pasiwe na utupu. Yaliyotoka yalisikika kama tangazo la biashara. Tumekubaliana hivi: kikohozi kikatwe, sentensi niliyoirudia ikatwe, lakini baada ya mstari wa Biblia kimya kibaki. "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi." Mtu akisikia hayo anahitaji muda wa kuiangalia asubuhi yake mwenyewe. Muziki hauwekwi chini ya Neno. Mwanzoni tunaweka sekunde chache za kwaya yetu, kwa ruhusa ya wanakwaya, kwa sababu watu walio Dar es Salaam wakizisikia sauti zile wanajua wamefika nyumbani. Nasoma Biblia ya Union Version, ile ya 1952, kwa kuwa ndiyo iliyomo vichwani mwa wazee na wanaisema pamoja nami.

Jambo lililonikosesha usingizi kuliko ufundi ni hili: video haikai ilipotumwa. Paulo aliwaambia Wakolosai kwamba barua ikiisha kusomwa kwao waifikishe isomwe na Walaodikia pia, kwa hiyo neno kupita mkono hadi mkono ni jambo jema na la kale. Lakini Paulo aliandika akijua. Mimi nikisema jambo kwa ajili ya nyumba moja Rungwe, jioni liko kwenye kundi la ukoo Mwanza, likiwa na alama ya mishale miwili ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi, na WhatsApp yenyewe tangu Aprili 2020 imeweka kikomo kwamba ujumbe wenye alama hiyo usitumwe kwa zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa wakati, kwa jinsi mambo yanavyosambaa. Mahubirini nina mazoea ya kutoa mfano wa "ndugu mmoja aliyenijia". Hapa kijijini "ndugu mmoja" anajulikana kwa watu wote kabla sijamaliza sentensi. Kwenye video sitoi mfano wa namna hiyo hata kidogo. Mifano inatoka kwenye Maandiko, au shambani, au katika maisha yangu. Siri ya mtu aliyokuja kuniambia ofisini si mali yangu ya kuhubiria.

Kwa sababu hiyo hiyo sirekodi wagonjwa. Nimeona video nyingi za watumishi wakiwaombea watu wanaolia, wanaoanguka, wenye majeraha, nyuso zote wazi, watoto wamo. Naumia kila mara. Yule mtu alikuja kutafuta Mungu katika saa ya udhaifu wake, na sasa udhaifu huo unatembea nchi nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na nimefurahi kwamba sheria imesema hivyo, ingawa kanisa lilipaswa kusema kwanza. Anayeombewa aombewe bila kamera.

Na mwisho wa tafakari siweki namba ya kutuma sadaka. Ndugu zangu wengine wanaweka, kila mmoja atajibu kwa Bwana wake. Najua mahitaji ya kanisa. Paa letu linavuja na nyumba ya mwinjilisti haijakamilika. Lakini mtu aliyenifungulia mlango alfajiri, aliyenipa dakika tatu kabla ya kibarua, nikimaliza sala nikamnyooshea mkono, kesho atauona ujio wangu kwa jicho lingine. Sadaka ina mahali pake, Jumapili, mbele ya madhabahu, na mapato yake yanasomwa mbele ya wote. Tafakari itolewe bure kabisa. Hesabu ya waliotazama nayo nimemwomba kijana asinionyeshe. Swali ninalomuuliza mwinjilisti ni nani amejibu.

Wanajibu, na hapo ndipo kazi halisi ilipo. Majibu huja usiku. Sauti ya nusu dakika: "Baba Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe, nina neno." Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni Tunduma anauliza kama Mungu husamehe jambo fulani ambalo hataki kulitaja. Binti aliyeko kazi za ndani Dar es Salaam hana ruhusa ya kwenda ibadani, anauliza kama anaweza kuomba akiwa anafua. Mama wa hapa hapa, ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu ugomvi wa msiba fulani, aliandika tu, "Nimesikia." Kesho yake nilienda kwake kwa miguu. Hatukuzungumza habari za video.

Mchungaji asiyeweza kuyajibu majibu asianze kutuma. Nalisema hili kwa nguvu. Ni afadhali tafakari mbili kwa wiki zenye masikio nyuma yake kuliko moja kila siku inayotoka kwa mtu asiyesikia. Mimi peke yangu siwezi. Wazee wa kanisa wanne na mwinjilisti wamegawana majina ya walio mbali; kila mmoja ana watu wake wa kuwapigia simu, na mambo mazito ananiletea. Ziara zangu hazijapungua tangu tuanze. Zimeongezeka, kwa kuwa sasa najua mlango upi unanisubiri.

Wapo walioniuliza kama Meza ya Bwana nayo inaweza kuja kwa simu. Jibu langu ni hapana. Mkate unavunjwa mahali ambapo mkono unaufikia mkono. Yohana katika waraka wake wa pili alikuwa na karatasi, alikuwa na wino, alivitumia, na bado aliwaambia kwamba mengine anayaweka mpaka atakapofika kwao wazungumze uso kwa uso, ili furaha itimie. Simu yangu naiweka katika mpaka huo huo.

Kwa sasa tunajiandaa kwa Kwaresima. Tafakari zote za majuma yale zitakuwa na toleo la Kinyakyusa, jambo ambalo wazee wameliomba kwa muda mrefu, na lugha hiyo ina namna ya kufariji ambayo mimi mwenyewe kwa Kiswahili siifikii. Mzee mmoja wa kanisa atasoma Neno, sauti yake ni nzuri kuliko yangu; mimi nitasema machache na kuomba. Kijana wetu anawafundisha wenzake wawili kushika simu na kuhariri, ili akipata harusi kazi isilale. Wainjilisti wa mitaa mingine wataanza kurekodi za kwao, kwa watu wao wanaowajua majina. Washirika wetu mlio mbali, mkitaka kuzipokea, mwambieni mwinjilisti wa mtaa wenu au ndugu aliyebaki nyumbani atupatie namba. Na mkizipokea, jibuni. Hata usiku.

Mwanakondoo ameshinda, tumfuate.